Mbona Hili Anaweza? Namna ya Kumsoma Mtoto Mwenye Usonji

Mtoto wa miaka mitano anasoma kwa sauti vibao vyote vya maduka kutoka Mwenge hadi Makumbusho, hakosei silabi. Jioni ya siku hiyohiyo anajigaragaza sakafuni akilia, na hana namna ya kumwambia mama yake kwamba sikio linamuuma. Msichana wa darasa la sita anapata 96 katika hisabati, ilhali kila asubuhi dada yake ndiye anayemfunga vifungo vya shati la sare. Kijana wa miaka 22 anazijua njia za daladala za Dar es Salaam kwa rangi za mistari yake, kituo kwa kituo, lakini gari likikaribia kwao neno "shusha" halimtoki mdomoni, naye anapitilizwa.

Watu wa namna hii, wenye usonji (autism), wapo katika mitaa yetu, na wote huulizwa swali moja: mbona lile unaweza? Mbona hesabu anaweza, vifungo vimshinde? Anadeka. Mbona kusoma anaweza, kusema anaumwa asiweze? Jeuri huyo. Na lipo neno la pili linaloumiza zaidi: kwa kuwa haongei, basi haelewi, kwa kuwa hajui kuvaa, kumfundisha hesabu ni kupoteza muda. Kauli zote mbili zina kosa moja, nalo ni kuupima uwezo mmoja wa mtu kwa uwezo wake mwingine. Kwa mtoto asiye na usonji kosa hilo halileti madhara makubwa, maana mambo yake mengi hukua pamoja: anayeongea vizuri akiwa na miaka mitano aghalabu anajua pia kuvaa, kucheza na wenzake na kueleza maumivu. Kwa mwenye usonji, jambo moja halikupi habari za jingine. Inabidi kila uwezo uupime peke yake, uufundishe kuanzia pale ulipo, na ule ulio juu uufanye uuvute ulio chini.

Wastani unadanganya

Hali hii imeonekana tangu usonji ulipoanza kuandikwa na madaktari. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa watoto wenye matatizo ya akili katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, alichapisha habari za watoto 11. Wa kwanza alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, Mississippi. Baba yake alikuwa amemwandikia daktari barua ya kurasa 33. Ilieleza kwamba Donald alipokuwa na miaka miwili alikuwa ameikariri Zaburi ya 23 na maswali na majibu 25 ya katekisimu ya kanisa lao, lakini hakuwa akijifunza kuuliza wala kujibu maswali ya kawaida ya nyumbani.

Vipimo vya akili navyo hutoa majibu yanayogongana. Mwaka 2007 Michelle Dawson, mtafiti wa Montreal ambaye mwenyewe ana usonji, pamoja na Laurent Mottron na wenzao, waliwapa watoto wenye usonji vipimo viwili. Kimoja kilikuwa cha Wechsler, ambacho sehemu yake kubwa inategemea maneno. Cha pili kilikuwa cha Raven, ambacho ni picha za michoro yenye kipande kilichokosekana, na mtoto huchagua kipande kinachofaa. Kwa watoto wasio na usonji matokeo ya vipimo hivyo yalikaribiana. Wenye usonji walipanda kwa cha Raven, kwa wastani wa nafasi 30 kama wangepangwa katika mstari wa watoto mia, na wengine walipanda zaidi ya nafasi 70. Mtoto ni yuleyule. Kilichobadilika ni mlango tu aliofunguliwa.

Kwa hiyo mzazi, ukipewa ripoti ya muhula yenye hisabati 94 na Kiswahili 30, na chini yake wastani wa 62 na maneno "anaendelea vizuri", usiridhike. Hakuna somo hata moja ambalo mtoto huyo ana 62. Kwenye hisabati anakaa bila kazi akisubiri wenzake, na kwenye Kiswahili anazama, wala wastani huo haumwonyeshi mwalimu lipi kati ya hayo mawili alishughulikie kesho asubuhi.

Daftari la wiki mbili

Nunua daftari la kawaida. Kwa wiki mbili andika unachokiona, na uandike matendo, usiandike sifa. "Mkaidi", "hasikii", "ana akili sana" hayo yafute. Andika hivi: "Nilimwambia lete kikombe, akaleta. Nilimwambia lete kikombe na kijiko halafu kamwite baba, akabaki amesimama." Mistari hiyo miwili imekwambia jambo kubwa: kikwazo ni idadi ya maagizo yaliyotolewa kwa pumzi moja, wala si utii. Ungeandika "hatii" ungetafuta fimbo. Ukiandika ulichokiona utatafuta njia ya kuyagawa maagizo.

Gusa maeneo yote, hata yale unayodhani unayajua: kuelewa anachoambiwa, kusema anachotaka, kusoma, hesabu, kazi za vidole, kuvaa na kula na kwenda chooni, kuanza jambo na kulimaliza, kukaa na watu, kumbukumbu, na namna anavyopokea sauti, mwanga, harufu na vitambaa vya nguo. Katika kila eneo uliza maswali matatu. Anajua kulifanya? Analifanya bila kukumbushwa? Analifanya wapi, na saa ngapi?

Swali hilo la mwisho ndilo watu wanaloliruka, na ndilo lenye majibu mengi. Mtoto anayejivalisha nyumbani hawezi kujivalisha kwa shangazi. Anayeandika vizuri saa mbili asubuhi hashiki kalamu saa saba mchana, darasa likiwa na watoto tisini, bati likiwaka jua na mashine ya kusaga ikinguruma ng'ambo ya uzio. Hakusahau, wala hajaanza uongo. Ameitumia nguvu yake yote kuvumilia kelele na joto, na kilichobaki hakitoshi kuandika. Ndiyo maana neno "jana aliweza" si ushahidi dhidi yake. Andika pembeni: alilala vipi, amekula nini, palikuwa na kelele gani, ratiba ilibadilika? Baada ya siku chache utaanza kuona kwamba kushuka kwake kuna sababu, na sababu nyingine unaweza kuziondoa kwa kumhamisha dawati tu.

Mahali jicho linapodanganyika

Kusoma ndipo tunapokosea zaidi. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto mwenye jicho kali la herufi akishazishika silabi anaweza kukusomea gazeti zima. Shuleni, ambako KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) hupimwa kwa kumsikiliza mtoto akisoma, huyu anasifiwa na kuachwa. Usimwulize "umesoma nini?", maana swali la wazi namna hiyo lenyewe ni mtihani mwingine. Badala yake andika kwenye karatasi: "Fungua kabati. Chukua chungwa. Mpe bibi." Mwekee mbele yake, unyamaze. Akifanya, anaelewa anachosoma, nawe umepata kitu cha thamani: maagizo ambayo masikio yake hayayashiki, macho yake yanayashika. Kuanzia leo mwandikie. Asipofanya, rudi kwenye sentensi moja, "Chukua chungwa", na chungwa liwe mezani.

Kukariri kunafanana na hilo. Mtoto anaweza kuhifadhi sura nyingi madrasa kabla ya wenzake wote, au kurudia tangazo la redio neno kwa neno na sauti ya mtangazaji. Hiyo ni kumbukumbu, tena nzuri, na ni ya kuheshimiwa. Haithibitishi kwamba anaweza kufuata mazungumzo ya watu watatu wanaoongea kwa kupokezana. Wapo wanaoongea mfululizo tangu asubuhi na bado wanaelewa kidogo sana wanachoambiwa. Ukikutana na mmoja wao, fupisha sentensi zako, kisha uhesabu kimyakimya hadi kumi kabla ya kurudia. Kurudia upesi humrudisha mwanzo.

Kisha kuna mtoto unayemwuliza "Unataka chai?" naye anajibu "Unataka chai." Wazazi wengi huona anawadhihaki. Anachofanya ni kulirudisha swali zima kama lilivyomfikia, na huenda ndiyo namna yake ya kusema ndiyo. Kumsahihisha kwa maswali zaidi hakusaidii. Mpe jibu badala ya swali: shika birika, sema "Nataka chai" kwa niaba yake, mimina. Fanya hivyo kwa siku kadhaa. Baadaye sema "Nataka..." usite, ukitazama kikombe chake. Mwache alimalizie.

Kwa asiyeongea, usipime uelewa kwa kusubiri maneno. Weka vitu viwili mezani, utaje kimoja, uone mkono au macho yanakwenda wapi. Tumia picha, hata zilizokatwa kwenye pakiti za sabuni na biskuti. Na tafadhali, ndugu na majirani waambiwe wasimjadili mbele yake. Watoto wengi wasioongea wanasikia na kuelewa mengi kuliko wanavyodhaniwa, na hawana namna ya kujitetea kwa yanayosemwa juu yao.

Maumivu nayapa nafasi yake kwa sababu yasipotambuliwa, ugonjwa ulio nyuma yake unaweza kuua. Mtoto anayejua majina ya sayari zote anaweza asitambue kwamba kinachomsumbua ni jino. Tabia ikibadilika ghafla, akaanza kujipiga kichwa, kukataa chakula au kutolala, anza na mwili kabla ya nidhamu: masikio, meno, tumbo, choo kigumu. Mpeleke kituo cha afya na umweleze mganga kwamba mtoto huyu hawezi kuonyesha panapouma, aangaliwe mwili mzima. Nyumbani mchoree mtu kwenye karatasi, mfundishe kugusa sehemu siku akiwa mzima, ili siku akiugua karatasi iwe tayari.

Uwezo ulio juu ufanye kazi

Nimrudie Donald, maana yaliyompata baada ya ile barua ndiyo yaliyonifundisha sehemu hii. Akiwa mvulana alipelekwa kuishi kwa wakulima, mume na mke, nje ya mji. Kanner alikwenda kumtembelea mwaka 1945, na mwaka 1971 aliandika alichokikuta. Donald alikuwa na shauku ya kupima vitu. Wale wakulima wakamchimbisha kisima na kumwambia alete taarifa ya kina chake. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena. Wakampa kazi ya kulima mistari hiyo kwa plau, ahesabu huku akilima. Alikuwa akikusanya ndege waliokufa. Wakamtengea mahali pa kuwazika na kuweka vibao. Hawakumkataza kuhesabu, wala hawakumkalisha kumwonyesha wageni kwamba anajua kuhesabu. Walikitafutia kile alichokipenda kazi ya kufanya shambani. Donald alikua akasoma chuo, akafanya kazi benki katika mji wake, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi peke yake. Alifariki Juni 2023, akiwa na miaka 89. Mazungumzo marefu yalibaki kuwa magumu kwake hadi uzeeni, na maisha yake hayakuzuiliwa na hilo.

Fanya kama wakulima wale. Yule kijana wa daladala anasoma vizuri: aandike kadi "Naomba kushuka Makumbusho", ampe konda pamoja na nauli, akae karibu na mlango. Msichana wa hisabati apewe uvaaji kwa namba, hatua 1 hadi 7, zimebandikwa ukutani kwa mpangilio uleule kila siku. Mtoto mwenye kumbukumbu ya sauti afundishwe taratibu za kunawa kwa wimbo mfupi mtakaoutunga nyumbani. Hata salamu zetu, ambazo wengi huziona kuwa ngumu kwake, zina sehemu inayomfaa: "shikamoo" ina jibu moja tu na haibadiliki, hivyo anza nayo. "Habari za nyumbani, za kazi, za watoto" mpe jibu moja la kudumu, "nzuri", na umwambie mgeni kwamba hapo ameshamaliza. Asidaiwe macho kwa macho.

Lakini kuna matumizi mawili ya uwezo ninayoyapinga kwa moyo wote. La kwanza ni maonyesho: mgeni hajakaa vizuri, mtoto anaitwa aulizwe siku ya wiki ya tarehe fulani, watu wanapiga makofi. Vipaji vya ajabu hivyo wanavyo wachache tu kati ya wenye usonji, na mwenye navyo akishafanywa burudani, hakuna anayekumbuka tena kumfundisha kuvuka barabara. La pili ni kukifanya kile anachokipenda kuwa rehani: huchori mpaka umalize chakula, hugusi ramani mpaka uvae. Ukimnyang'anya mahali pekee anapojiona mtu anayeweza, umemwachia siku nzima ya mambo yanayomshinda, na kesho yake kuvaa kutakuwa kugumu zaidi.

Lililo chini, anza mwishoni

Kwanza chagua. Huwezi kupigana na kila udhaifu, wala si kila udhaifu unastahili vita. Mimi ningetanguliza usalama, choo, kula, kueleza maumivu na kukataa kuguswa vibaya. Kamba za viatu zingoje. Viatu visivyo na kamba vipo sokoni.

Ukishachagua, fundisha kuanzia mwisho. Katika vifungo vya shati, funga vyote, bakiza cha chini kabisa, tena ukiwa umeshakipenyeza nusu. Kazi yake ni kukivuta tu. Kila asubuhi anakuwa yeye ndiye aliyemaliza. Akizoea, mwachie kifungo kizima, kisha viwili. Mazoezi mengine yafanyike jioni, shati likiwa mezani na vifungo vikubwa, kwa sababu vidole vinavyojifunza juu ya kifua bila kuona vina kazi mara mbili. Ugali uende vivyo hivyo: kwanza apakue, baadaye asonge mwishomwisho ukiwa umeshika sufuria, na kuchemsha maji kuje mwisho kabisa. Mtu wa miaka 30 anayehesabu vizuri lakini hawezi kujipikia hakuzaliwa asiyeweza kupika. Mara nyingi hakuna aliyemkabidhi mwiko.

Ukurasa mmoja kwa mwalimu

Kutoka kwenye daftari toa ukurasa mmoja, usizidi, kwa sababu mwalimu mwenye darasa kubwa hatasoma kurasa tano. Mpelekee mkononi, siku isiyo ya mtihani. Uandike anachofanya vizuri, kinachomshinda, na kinachosaidia, kila kimoja kwa mfano: "Akiandikiwa agizo ubaoni analifuata, akiambiwa kwa mdomo pamoja na darasa zima hajui kwamba naye anaambiwa. Ukimtaja jina kwanza atageuka. Anaandika polepole, jibu analijua. Naomba aruhusiwe kujibu kwa mdomo au aandike maswali machache. Kengele humtia hofu. Akikaa mbali na dirisha anatulia." Mwalimu akikujibu kwamba darasani mtoto ni tofauti kabisa, usibishane naye. Anaweza kuwa sahihi kama wewe, na hilo nalo liingie daftarini.

Ukiwa Tanzania, muulize Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yako ni shule ipi iliyo karibu yenye kitengo au mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kama wanaofundishwa Chuo cha Patandi mkoani Arusha. Ukiwa Kenya, nenda kituo cha tathmini ya elimu, EARC, cha eneo lako. Popote utakapopimiwa, omba maelezo ya kila sehemu ya kipimo. Namba moja ya jumla haikusaidii, kwa sababu zilezile za ile ripoti ya wastani. Na kama mtoto atahitaji muda wa ziada au chumba tulivu kwenye mtihani wa taifa, zungumza na mwalimu mkuu mapema, mwaka mmoja kabla ikiwezekana. Baraza la Mitihani lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini maombi hupitia shuleni.

Rudia daftari kila likizo. Uwezo husogea: usemi unaweza kuja akiwa na miaka saba, na balehe inaweza kumrudisha nyuma katika mambo aliyokwisha kuyashika. Akipoteza kabisa jambo alilolijua vizuri, maneno yakaisha au choo kikamshinda tena, hilo ni la kumwona daktari bila kungoja. Na akishaweza kuandika, au kuonyesha picha, au kukuitikia kwa kichwa, mshirikishe. Mwulize kila mstari: ni kweli? Atakurekebisha. Siku akienda kuomba kazi ya kutengeneza simu Kariakoo, ukurasa wa kumwonyesha mwenye duka uwe ameutunga yeye: natengeneza vizuri, niandikie kazi kwenye karatasi, wateja azungumze nao mwingine.